Sola Alizonunua Mkwe wa Lufingo

Siku yangu ya kwanza kwenye kazi ya kufunga sola, Fundi Mkuu wetu pale Ibighi alinikabidhi ngazi na amri moja. "Shabani, hatufungi vifaa vya mteja. Anunue mwenyewe, viharibike, lawama zije kwetu?" Nikaitikia ndiyo, mkuu. Siku hiyohiyo aliivunja amri yake, nami nacheka hadi leo.

Tuliitwa Lufingo. Mama mmoja, Tumpe, alikuwa ameuza viazi vyake, akaenda Mbeya kununua paneli mbili, betri na kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme unaoingia kwenye betri. Alitaka kumwekea taa baba mkwe wake, maana macho ya mzee yalianza kumsumbua. Mumewe alikuwa kazini Kiwira. Sasa kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Mzee yuko ndani, Tumpe kajibanza kwenye migomba, na mimi mgeni wa kazi ndiye napeleka maneno huku na huku.

"Mwambie bosi wako asivikatae," Tumpe alininong'oneza. "Mzee ataona nimeshindwa, na siwezi hata kumwendea nikajieleza."

Fundi Mkuu alikunja uso, lakini akatoa mita, akazipima paneli juani kabla ukungu haujashuka. Zilikuwa nzima, tena bora kuliko za stoo yetu. Kontrola ndiyo ilikuwa ndogo, isingezihimili zote mbili.

"Paneli kanunua vizuri, kaangushwa na kiboksi," akasema. "Shabani, lete kontrola yetu garini. Za kwake tunazifunga."

Nilifurahi kama zangu.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza: ninunue mwenyewe au nichukue za fundi? Nunua popote, mwanangu, ila muone fundi kabla ya kwenda dukani, akupimie kinachoendana na kipi. Ukichukua za kwake, dai dhamana.

Jioni ile tulipowasha, mzee aliitazama taa ya nje, akaniambia, "Hiyo igeuze, ielekee jikoni kwa mkwe wangu. Yeye ndiye anayeamka gizani. Na umwambie ndaga fijo, nashukuru sana."

Nikaigeuza, nikampelekea Tumpe salamu zake. Alicheka huku akijifuta machozi kwa kanga.

"Anasemaje?" mzee akauliza kutoka ndani.

"Anacheka, mzee."

"Basi izime, uwashe tena."