Unga wa Manjano wa Mamdogo

Mama yangu alilima kijijini Kabungu maisha yake yote, na mikono yake ndiyo iliyotusomesha. Kwa hiyo asubuhi aliposhindwa kufunga kitenge chake mwenyewe, aliniita chumbani, akageukia ukutani, nikamfunga bila yeye kunitazama. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye maungio, na ukivigusa ni vya moto. Magoti hivyo hivyo. Nilikuwa nimemleta Mpanda, kwenye vyumba vya nyuma ya mgahawa wangu karibu na stendi, ili awe jirani na hospitali.

Hospitalini walisema ni baridi yabisi. Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya chini, na alitueleza taratibu kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, kwa mama imegeuka, inapigana na viungo vyake mwenyewe. Akampa vidonge. Mama alivimeza, vikamchoma tumbo, na maumivu yakapungua kidogo tu. Tuliporudi kuonwa tena, aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu aliposikiliza kipindi cha afya redioni.

"Dokta, wanasema manjano na tangawizi vinaondoa uvimbe. Ni kweli?"

"Ni kweli, ndani yake mna vitu vinavyopoza uvimbe," daktari alisema. "Hata mboga za majani, maharage na matunda vinavyo. Mama, kula kila siku, ni chakula kizuri. Ila kazi yake ni ndogo na ya polepole. Usiache dawa kwa ajili yake."

Mama alitoka pale na maneno mawili tu: ni kweli.

Mdogo wake, yaani mamdogo wangu, anaishi Magamba. Ni mtu wa kanisani, mcheshi, mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Yeye mwenyewe magoti yalikuwa yamemsumbua, na siku moja alikuja kwetu anatembea kama msichana. Alibeba kopo la unga wa njano. Alisema ni manjano, tangawizi, pilipili manga na majani ya mlonge, vimesagwa pamoja. Alikuwa anauchukua kwa mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa akiutuma kwa basi kutoka mbali, naye akiwauzia wenzake pale Magamba. Kijiko kimoja kwenye uji, asubuhi.

"Dada, wewe kunywa," alimwambia mama. "Huu hauna kemikali. Ni vyakula vya Mungu."

Mama alikunywa. Kabla wiki haijaisha, nilimkuta amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko langu, anachambua kisamvu kwa vidole vile vile vilivyokuwa haviwezi kushika kijiko. Nilisimama mlangoni na sufuria mkononi, machozi yakanitoka. Sikutaka kuuliza chochote. Nani angeuliza? Vidonge vya hospitali vikabaki kwenye kabati.

Miezi ikapita. Mama alinenepa usoni. Mashavu yalijaa, uso ukawa wa mviringo, na wateja waliomfahamu tangu zamani walikuwa wakisema, "Bibi, Mpanda imekukubali, umenawiri." Alicheka. Mimi nilianza kuona vitu vingine. Mikono na miguu yake ilikonda wakati tumbo na uso vinakua. Akijigonga kidogo kwenye meza, ngozi inavilia damu. Usingizi ulimkimbia. Nilipomwambia tumrudie daktari alikasirika, jambo ambalo si la kawaida kwake.

"Unataka nirudi kulia usiku?" alisema. "Nikipona mnasikitika?"

Niliacha. Lakini kila asubuhi nilipomwona anakoroga ule unga kwenye uji, nilisimama kumtazama mpaka amalize bakuli.

Kisha mvua zikaharibu barabara na mzigo wa mamdogo ukakwama njiani. Kopo la mama likaisha. Hakulalamika sana, alisema magoti yameanza kumrudia, atavumilia. Siku iliyofuata hakula. Iliyofuata tena alitapika, akasema mwili umeisha nguvu. Nilidhani ni malaria. Mchana, wateja wa chakula wamejaa, niliingia chumbani kumpelekea maji ya matunda, nikamkuta sakafuni, amelala ubavu, jasho baridi, macho yamefunguka lakini hanijui. Nilimwita. Midomo ilisogea bila sauti.

Niliacha kila kitu jikoni. Dereva wa bajaji aliyekuwa anakula ugali wake aliinuka bila kunawa, tukambeba wawili. Njia yote nilimshika mama kifua ili nisikie kama kinapanda na kushuka. Kuna mahali nilidhani kimesimama.

Yule daktari alikuwepo. Alipomwona mama usoni aliuliza haraka, "Anakunywa nini?"

"Vidonge aliacha," nilisema. "Anakunywa unga. Manjano, tangawizi na mlonge."

"Huo unga ulimsaidia?"

"Sana."

"Ulianza kumsaidia baada ya muda gani?"

"Siku mbili, tatu hivi."

"Na sasa?"

"Umeisha. Hajaupata wiki hii."

Hakuniuliza tena. Aliagiza sindano na drip, na nikasukumwa nje ya pazia. Nilikaa kwenye benchi la korido nikiangalia miguu ya watu chini ya pazia lile. Miguu ya haraka ilinitisha, na iliposimama ikanitisha zaidi.

Alipotoka alinieleza. Manjano hayafanyi kazi ya siku mbili. Mmea wa kuliwa unaopoza uvimbe huwa unapoza kidogo kidogo. Kwa jinsi uso wa mama ulivyo, na ngozi yake, na jinsi alivyoanguka, yeye aliamini kuna mtu amesaga vidonge vya steroidi, dawa kali za kushusha uvimbe, akavichanganya humo. Hizo ni dawa halali na zina kazi yake, lakini hutolewa kwa kipimo. Mwili una tezi juu ya figo zinazotengeneza dawa ya namna hiyo zenyewe. Ukiletewa kutoka nje kwa miezi, tezi zinalala. Siku ukikatisha ghafla, mwili unabaki hauna ya ndani wala ya nje.

"Angechelewa kidogo?" niliuliza.

"Tumshukuru Mungu hakuchelewa," alisema.

Jioni ile mama alinitambua, akaomba maji. Kesho yake asubuhi nilimwacha anakunywa uji mtupu, nikapanda bodaboda kwenda Magamba. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa ndugu. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani.

Mamdogo alikuwa uani, anaanika mahindi. Nilimpa shikamoo, maana hata hasira haiondoi shikamoo, naye akaitika. Nikamwambia yote. Nikamwambia dada yake amelazwa, karibu afe, na kwamba ni unga wake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na ndoo yenye mfuniko. Hapo ndipo nilipomtazama vizuri. Mashavu yamejaa. Uso wa mviringo. Mikono myembamba, na kwenye mkono mmoja alama ya damu iliyovilia.

"Mzigo umefika jana," alisema. "Naumwaga wote chooni. Mimi na huu unga basi, sitaugusa tena."

Hasira yote ilinitoka, ikaingia hofu. Niliishika ndoo.

"Mamdogo, wewe ulianza kuunywa lini?"

"Kabla ya dada."

"Leo umekunywa?"

"Bado. Jana nilimalizia wa kopo langu."

"Basi usimwage. Usiache leo. Twende nao hospitali, daktari akupunguzie taratibu."

Alinitazama kama ninamchezea. "Umetoka kuniambia nimempa dada sumu. Sasa unaniambia niendelee kuinywa?"

Nilijaribu kumweleza habari ya tezi zilizolala. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachanganya. Yeye akavuta ndoo, mimi nikavuta, na unga ukamwagika kidogo juu ya mahindi yaliyoanikwa. Mtu mzima na mwanawe tunagombania ndoo uani, majirani wanasikia. Mwishowe nilitoa simu, nikampigia muuguzi aliyekuwa wodini kwa mama, nikamwomba ampe mama aongee.

Sikusikia mama alichosema. Mamdogo aliiweka simu sikioni, akasikiliza, akaketi chini kwenye kizingiti. Akasema, "Dada, nisamehe." Akasikiliza tena. Alipomaliza alinirudishia simu na kujifunika khanga.

"Amesema niende na ndoo yangu," alisema. "Amesema kitanda cha jirani yake kiko wazi."

Daktari alimwona siku hiyo hiyo. Hakulazwa, lakini alipewa dawa ile ile kwa kipimo, na yeye na mama walipunguziwa kidogo kidogo kwa miezi. Haikuwa rahisi. Maumivu yalirudi yote, mama alilia kama alivyoogopa, na zipo siku alinikasirikia mimi kwa kumwokoa. Baadaye alipata dawa nyingine ya viungo ambayo tumbo lake liliikubali. Leo anatembea na fimbo. Vidole viwili havinyooki tena. Mimi natia manjano na tangawizi kwenye mchuzi wa dagaa na kwenye maharage, yale ninayonunua mazima sokoni na kusaga mwenyewe. Mama anakula vizuri, na anasema chakula kimekuwa kitamu. Kuhusu magoti hasemi kitu.

Yule wa jumla aliacha kupokea simu. Mamdogo alizunguka Magamba nyumba kwa nyumba kuwatafuta aliowauzia, awaambie waende hospitali na wasiache ghafla. Niliongozana naye siku moja. Wengine walimshukuru, wengine walimfukuza, na mmoja alisema mimi ndiye nina wivu na biashara ya mamdogo. Nyumba ya mwisho alikuwepo mzee mmoja wa kabila la wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka kaskazini. Uso wake ulikuwa umejaa kama wa mama. Alitusikiliza kwa adabu, akatukaribisha maziwa. Tulipomaliza, alimwinamia mamdogo na kusema kwa sauti ndogo, ili wake zake wasisikie:

"Mama, nimekuelewa. Lakini kama kimebaki hata kijiko, niuzie mimi."

Mamdogo alishika kikombe chake cha maziwa kwa mikono miwili. Akamwambia kesho asubuhi atampitia, waende wote kwa daktari.