Sauti ya Pili ya Marcienne

Ukimwona Marcienne akipalilia maharage yake hapa Rubondo, huwezi kudhani kwamba watu wa Bujumbura waliwahi kumpigia makofi. Mama huyu hasira zake ziko karibu. Kuku wa jirani akiingia shambani mwake, jirani ndiye atakayesikia maneno, na jirani huyo ni mimi. Lakini zamani, kabla vita havijatutawanya, alikuwa mmoja wa wasichana watatu wa Trio Buyenzi. Gisèle aliimba sauti ya kwanza, ile inayobeba wimbo, Marcienne ya pili, na Inès, ambaye sasa ni marehemu, ya tatu.

Waliachana kwa sababu ya hoteli. Gisèle alikubali kuimba huko peke yake kwa jina la wote watatu, na Marcienne akakuta jina lake kwenye tangazo la shughuli ambayo hakualikwa. Hawakusemezana tena. Ukimbizi ukawaleta nchi moja, Marcienne huku kambini Nakivale, Gisèle Mbarara akiuza vitenge, na bado kila mmoja akajifanya hajui mwenzake anaishi wapi. Watu wazima kabisa.

Mwaka jana Doriane, binti wa Gisèle, alishuka basi Rwekubo, akapanda pikipiki hadi kwetu, mkononi ana kadi ndogo ya kuwekea nyimbo. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za Trio Buyenzi zilizopendwa kuliko zote, zimetolewa kwenye kaseti ambazo Gisèle alikimbia nazo. Fundi mmoja wa Mbarara, Isa, ndiye aliyezikusanya.

"Mama Marcienne, maman iko mugonjwa wa koo," alisema Doriane. "Bamemulaza hospitali ya Ruharo. Baganga banasema bakimupasua, sauti haitarudi. Anaomba usikilize hii, kisha ukuje muimbe naye hata mara moja, kabla bamupasue."

Simu ya Marcienne ni ile ya tochi, haichezi nyimbo. Tukaandamana hadi kibanda cha Venuste anayechaji simu. Venuste ana spika moja tu ndani ya sanduku la mbao. Ya pili iliungua siku nyingi, na sisi tumeshazoea. Akaweka kadi, "Mvua ya Gitega" ukaanza, wimbo tuliouchezea kwenye harusi zetu. Gisèle akaingia na ile sauti yake laini. Inès akafuata kwa chini. Tukamngoja Marcienne.

Hakuingia. Wimbo uliofuata hakuingia, na uliofuata pia.

"Munasikia?" aliuliza polepole. "Inès iko, na alishakufa. Miye niko wapi? Gisèle amenifuta."

Doriane aliapa kwamba hajui lolote. Marcienne akamwambia arudi Mbarara, amwambie mama yake aimbe peke yake kama alivyozoea. Siku zilizofuata Doriane alipiga simu, na Marcienne akawa anaikata. Nilijaribu kumsihi, nikaambiwa nikafunge kuku wangu.

Hasira yake haikupoa. Asubuhi moja alichukua ile kadi, akapanda gari hadi Mbarara, akaingia dukani kwa Isa, akaibwaga mezani. Alitaka kujua ni nani aliyempa ruhusa ya kumfuta mtu. Isa hakubishana naye. Aliiweka kadi kwenye mashine yake yenye spika mbili, moja kila upande wa mlango.

Gisèle akatoka kushoto. Inès alisikika katikati. Na kulia, pale pale aliposimama, Marcienne akajisikia yeye mwenyewe, msichana wa zamani, akiimba sauti ya pili. Aliniambia kwamba aliketi juu ya kreti la soda.

"Mama, hii walirekodi zamani, sauti moja huku, ingine huku," Isa alisema. "Mimi nilimwambia ule mama, wacha tuchanganye, watu wengi wako na spika moja, upande ingine hawatasikia. Akakataa. Alisema kila mtu akae pahali pake, vile walikuwa wanasimama."

Marcienne hakungoja wimbo uishe. Alichukua pikipiki hadi Ruharo, akamkuta Gisèle macho, amefungwa bandeji shingoni. Walikuwa wamempasua juzi yake.

Alipiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, dada yangu," alisema. "Uliniita mapema, na miye nikakataa."

Gisèle akamshika mkono. Kwa mkono mwingine akagonga mapigo juu ya blanketi, ndivyo alivyokuwa akiwaanzishia zamani. Basi Marcienne akaimba. Aliimba sehemu yake, ile ya pili, kwa sababu hakuwahi kuijua nyingine, huku midomo ya Gisèle ikienda bila kutoa kitu. Alipofika mahali ambapo sauti ya kwanza hubaki peke yake, alinyamaza akamngoja mwenzake, mpaka midomo ile ikamaliza. Kisha akaendelea, machozi yakimtoka.

Mama mmoja Mrundi aliyelazwa kitanda cha pili alimuuliza Doriane, aliyekuwa akimuuguza mama yake, ni wimbo gani huo mzuri.

"Ni Mvua ya Gitega," Doriane akajibu.

"Hapana, mwanangu," yule mama akasema. "Mvua ya Gitega naijua, tuliicheza sana. Huu si wenyewe."