Maua ya Kumuaga Chekeche

Jamani, kuna kazi na kuna adhabu! Miaka ishirini na sita alikuwa aking'oa magugu maji kwenye bwawa la mji, pale kwenye chekeche la chuma linalozuia takataka zisiingie kwenye pampu. Ndipo alipopatia jina la Chekeche. Anang'oa leo, kesho yamejaa tele. Gugu lenyewe la kuja. Mtu mmoja, tena msomi, alilileta kupambia bustani yake, likamtoroka. Likafunika maji, samaki wakakosa pumzi, mayungiyungi ya asili yakaoza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ndiye aliyempa Chekeche jembe!

Ilibaki kona moja tu isiyo na gugu, nyuma ya nyumba ya pampu. Chekeche aliizungushia wavu, na kila asubuhi kabla ya zamu aliingia maji ya kiunoni kuikagua. Humo mayungiyungi yalichanua bado na samaki walitaga. Mkewe alikuwa akimwambia, "Baba watoto, ungenitunza mimi hivyo ningenenepa."

Siku ya kumuaga kazini, palepale kando ya bwawa, meneja alimsifu weee: adui wa gugu, simba wa bwawa! Chekeche hakusikia kitu. Macho yake yalikuwa meza kuu, kwenye vibeseni vinne vya maua ya zambarau. Gugu lilelile!

"Nani kaleta haya?"

"Si ni ofisi yenu," mkewe akanong'ona. "Nyamaza, watu wanakutazama."

Akapokea saa ya ukutani, akakabidhi funguo za geti la bwawa, akapeana mikono. Aliporudi mezani ayachukue akayachome, vibeseni vilikuwa vitupu.

"Usihangaike, shemeji," dada wa mkewe akasema kwa furaha. "Nimeona yana mizizi, nikayaonea huruma. Nimekuwekea kwenye kona yako, ndani ya wavu. Yatabaki ukumbusho!"

"Lahaula! Umeniua, shemeji!"

"Makubwa! Kwa maua tu?"

Maua tu! Shina moja likibaki humo, kabla ya mvua kona imekwisha, na kuanzia kesho yeye ni mpita njia. Chekeche alivua viatu vipya akajitosa na suti yake, akipapasa chini ya majani, akirusha ukingoni moja, la pili, la sita.

"Yalikuwa mangapi?" akapiga kelele.

"Mh! Nani alihesabu, shemeji?"

Getini mlinzi akatikisa funguo. "Mzee, samahani. Tunafunga."