Sikio la Mgonga Mwamba

Siku yangu ya kwanza mgodini sikupewa sururu. Nilikuwa nimetoka kwetu Tinde kwa miguu, siku sita njiani hadi vilima vya Geita, na nilijua nakwenda kuchimba. Badala yake nyapara wa chini, mzee mmoja aitwaye Shigela, alinitazama, akanivuta ndani ya handaki, akainua mtaimbo na kugonga dari mahali pawili.

"Umesikia nini?"

"Chuma, mzee."

"Chuma ninacho mimi mkononi. Mwamba umesema nini?"

Aligonga tena. Nikafumba macho. Mahali pa kwanza palilia kwa sauti nyembamba iliyokwenda mbali, kama kengele ndogo. Mahali pa pili palitoa sauti fupi, nzito, kama mtu amepiga debe tupu. Nilipomweleza hivyo, Shigela akasema, "Vua kofia yako. Kuanzia leo humu ndani usiivae ikafunika masikio."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya ugonga mwamba. Ninyi wa leo mna mitambo, kwa hiyo nieleze. Wachimbaji walitoboa matundu kwa nyundo na tindo, wakapakia baruti, wakawasha tambi zake, wakatoka. Baruti ikishalipuka na moshi ukishapungua, mgonga mwamba aliingia wa kwanza, peke yake, na taa ya kabaidi. Alipiga dari na kuta kwa mtaimbo, hatua kwa hatua. Palipolia kengele, mwamba ulikuwa mzima. Palipolia debe, bamba la jiwe lilikuwa limeachana na mwamba wake na linangoja tu kuanguka, basi aliliangusha mwenyewe akiwa amesimama pembeni. Alipomaliza ndipo alipoita, "Ingieni." Watu ishirini waliingia kwa neno hilo moja.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne, na sikuumiza mtu. Shigela alipopandishwa kuwa nyapara mkuu, handaki la mashariki aliniachia mimi. Wachimbaji walinisalimu kwa heshima, hata waliokuwa wakubwa kwangu. Mmoja wao, Ngasa, alikuwa rafiki yangu wa kweli. Tulilala kibanda kimoja hadi alipooa, na baada ya hapo nikawa nakula kwake. Mkewe, Mama Kabula, hakuwahi kuniuliza kama nimeshiba. Alikuwa anaongeza tu.

Sasa nifike kwenye lile mnaloniuliza kila mnaponiona natega sikio la kushoto.

Ilikuwa sikukuu ya Idd, na kazi ilisimama. Wafanyabiashara wa pale senta, watu wa pwani na Wahindi Waislamu, walikuwa wamealika kikundi cha beni kutoka Shinyanga mjini: matarumbeta manne, ngoma kubwa moja ya kupigwa pande mbili, na vigoma vidogo sijui vingapi. Walianza kupiga uwanjani baada ya sala ya alasiri. Mara mvua ikashuka. Watu wote, wapigaji na watazamaji, tukakimbilia ghala la pamba la tajiri mmoja, jengo la mabati juu mpaka chini, nalo lilikuwa tupu kwa sababu msimu ulikuwa haujaanza.

Beni haikunyamaza. Mvua ilipiga bati, nao wakaongeza nguvu kuishinda mvua. Mimi nilipenda sana tarumbeta, nikajipenyeza mpaka mbele, na umati uliponibana nikajikuta nimesimama mdomo wa tarumbeta ukiwa hauna shubiri mbili kutoka sikio langu la kulia, ngoma kubwa mgongoni. Niliona raha. Niseme ukweli, sikuona hatari yoyote, niliona raha tu. Ngasa alinishika bega akanipigia kelele nisogee, nami nikacheka. Hata saa mbili nzima hazikupita. Jua halijazama, mvua ikakatika, tukatoka.

Nje niliona watu wanafungua midomo na sauti zao ziko mbali, kama wamejifunika blanketi. Ndani ya sikio la kulia kulikuwa na mlio mwembamba, wiii, usiokatika.

"Hata mimi yanalia," Ngasa alisema. "Kesho yatanyamaza."

Yake yalinyamaza. Yangu hayakunyamaza.

Siku ya tatu nilikwenda zahanati ya mgodi. Daktari alifika mara moja kwa mwezi, na siku nyingine zote tulikuwa na dresa, mtu mpole wa Tabora aliyejua vidonda na homa. Nilimweleza.

"Ngoma ya jioni moja haiharibu sikio, Bwana Masanja," alisema. "Wanaokuwa viziwi ni wale wa kinu cha kutwanga mawe, tena baada ya miaka. Wewe ni uchovu." Akanitilia mafuta ya uvuguvugu. Kisha, kwa sababu alikuwa mwangalifu, akatoa saa yake ya mfukoni, akaishika nyuma ya sikio la kulia. "Unaisikia?"

Nilisikia wiii, basi. Nyuma yangu wagonjwa walikuwa wamepanga mstari. Nilifikiri, nikisema siisikii, kesho nasukuma vigari vya mawe, na mtaimbo wangu anapewa mwingine.

"Naisikia," nikasema.

Akaandika. Bwana wa zamu, Mzungu aliyesimamia handaki letu, alisoma ile karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Sikio yako iko mzuri?"

"Mzuri, Bwana."

Nikarudi kazini. Kwa siku kadhaa niligonga mara mbili mbili kila mahali, nikigeuza sikio la kushoto, na mambo yakaenda. Nikaanza kujiamini.

Asubuhi moja, baruti ilikuwa imelipuliwa alfajiri. Niliingia, nikagonga kuta, nikafika mwisho wa handaki ambako dari ilikuwa chini na nafasi finyu. Hapo sikuweza kugeuza kichwa. Nikagonga. Nikasikia mlio mwembamba unaokwenda mbali. Nikagonga tena, nikausikia tena.

"Ingieni!"

Ngasa alikuwa wa mbele, tindo begani. Alisimama. "Masanja, hapo mbona nimesikia kama debe?"

"Ni nyundo za handaki la pili."

Alinitazama kidogo. "Haya. Wewe ndiye mwenye masikio," akasema, akapita akapiga magoti kazini kwake.

Sikumaliza hatua kumi nikielekea nje. Bamba lilishuka zima. Tuliliondoa kwa mitaimbo, watu wanane, na tulipomfikia Ngasa hapakuwa na la kufanya.

Mlio nilioupima ulikuwa umo kichwani mwangu. Niliuelewa palepale, nikiwa bado nimeshika jiwe.

Mchana Shigela alinikuta nimekaa nje ya handaki. Hakunilaumu. Alichukua mtaimbo wangu, akagonga jiwe lililokuwa nyuma yangu, upande wa kulia. "Limesema nini?" Akagonga tena. Nikaanza kulia.

"Tangu lini?"

"Tangu Idd, mzee."

Aliondoka na ule mtaimbo. Sikuushika tena. Nilikwenda mwenyewe kwa Bwana wa zamu nikamwambia kwamba nilidanganya. Akasema ripoti imeshakwenda, imeandikwa kuwa ni ajali ya mwamba, na mimi nihamie kinuni. Kinuni nilikaa mwaka, nikazunguka kwenye machimbo madogo ya upande wa Kahama, mwisho nikawa mlinzi wa kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga, mpaka nilipostaafu. Huko kote wiii ilikuwa nami. Ninavyoongea hivi, ipo.

Kwa hiyo mnaponiuliza kama muziki wa muda mfupi unaweza kuharibu sikio, siwezi kuwaambia kuwa unaharibu la kila mtu. Ghalani tulikuwa watu zaidi ya mia, na wengi walilala wakaamka wazima. Langu halikuamka. Hakuna aliyejua mapema ni nani atakayepona. Lakini msinisikitikie sikio. Sikio liliharibika kwa bahati mbaya. Ile "naisikia" niliisema mwenyewe.

Nilipostaafu nilimtafuta Mama Kabula. Alikuwa anakaa Ngokolo kwa binti yake. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimpelekea salamu, lakini la saa ya dresa sikumwambia. Nilimkuta uani anachambua choroko, macho yameanza kufifia. Tukasalimiana vizuri, akanipa kigoda. Nikamweleza yote, tangu ghala mpaka lile neno "ingieni". Hakunikatiza. Mkono wake uliendelea na choroko.

Nilipomaliza aliinamia ungo akasema kitu, maneno machache, kwa sauti ya chini. Sikuyapata. Nikasogea, nikamtegea sikio la kushoto.

"Samahani, shemeji, sijasikia. Umesemaje?"

Aliinua uso, akanitazama.

"Nimeshasema," akajibu kwa nguvu, akarudi kwenye choroko zake.