Dizeli, Petroli na Mguu wa Mwalimu Breki

Mwalimu Breki alikuwa mtu mpole kila mahali isipokuwa ndani ya gari. Nyumbani ungeweza kumpakulia mchuzi usio na chumvi, akala na kushukuru. Kwenye foleni ya benki alipisha watu mpaka akasahau alichofuata. Lakini mkalishe kiti cha mbele kando ya dereva, ufunge mlango, halafu umwone. Shingo inanyooka, macho yanamtoka pima, na mguu wake wa kulia unaanza kutafuta kitu cha kukanyaga.

Tusimlaumu sana, kazi ndiyo iliyomharibu. Alifundisha udereva tangu ndevu zake zikiwa nyeusi tii, na gari la kufundishia, kwa asiyelijua, lina breki ya pili upande wa mwalimu, ili mwanafunzi akiona ng'ombe barabarani na kubaki kumshangaa, awepo mtu mzima wa kusimamisha gari. Breki hiyo ndiyo iliyomlisha, ikawasomesha wanawe, na ikampa jina. Wanafunzi walianza kumwita Mwalimu Breki kwa siri, jina likavuja, na hatimaye hata kinyozi wake hakulijua lile alilopewa na wazazi.

Shida ni kwamba mguu ule haukujua saa ya kutoka kazini. Akipanda teksi, anakanyaga. Akipewa lifti, anakanyaga. Jirani yake fundi cherehani alimwomba siku moja, kwa heshima zote, ahamie kiti cha nyuma, maana zulia la mbele lilikuwa limeshatoboka. Mwalimu akakasirika, akashuka kabla ya kufika.

Aliyetaabika kuliko wote ni mkewe, Mama Pacha. Mama huyu alijifunza kuendesha kwa mumewe mwenyewe, na hilo ndilo kosa pekee kubwa alilokiri kulifanya katika ujana wake. Akiingiza gia, anaambiwa klachi. Akitazama kioo cha kulia, anaulizwa cha kushoto kimemkosea nini. Siku moja, katikati ya mzunguko wa barabara ulio karibu na soko, mume akakanyaga breki yake bila sababu yoyote inayojulikana mpaka leo. Mama Pacha akazima injini, akachomoa ufunguo, akamwekea mumewe mapajani, akashuka na kwenda zake nyumbani kwa miguu huku mji mzima ukimpigia mumewe honi. Leseni alikuja kuipata kwa mwalimu mwingine, shule nyingine, kwa raha zake.

Tangu hapo hawakupanda tena chombo kimoja. Pacha wao walipoolewa, wote wawili katika mji mmoja wa mbali, wazazi wakawa wanakwenda kuwatembelea kwa zamu: mama kwa basi la asubuhi, baba kwa basi la mchana. Kwa nini wasipande basi moja? Kwa sababu hata ndani ya basi Mwalimu alitafuta kiti cha mbele kabisa, akamkanyagia dereva breki kutoka mji huu mpaka ule.

Basi alipostaafu, Mwalimu akakata kauli. Angenunua gari lake mwenyewe, tena si gari la kubembeleza. Miaka yote alikuwa ameendeshwa kwa mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai, akiona vijana wanampita na miwani yao ya jua, akimeza mate. Sasa alitaka gari dogo la heshima, lenye milango minne na buti nyuma, ila ukiligusa liitike.

"Tutakwenda kwa pacha pamoja," alimwambia mkewe akiwa anapiga kiatu rangi, bila kuinua uso.

"Nunua, baba. Nitakufuata kwa basi."

Mwalimu aliendelea kukisugua kiatu kilekile mpaka kikang'aa kupita mwenzake. Ukweli ni kwamba gari lenyewe halikuwa na maana kubwa kwake. Alitaka mkewe awe ndani yake. Alikuwa amechoka kufika kwa wanawe peke yake na kukuta mkewe ameshakula, ameshacheka, ameshasimuliwa habari zote, na yeye anasimuliwa masalio. Angekufa kabla ya kulisema hilo, lakini ndivyo lilivyokuwa.

Yadi ya magari ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, kokoto tupu, na ofisi ya bati yenye feni iliyokuwa ikizungusha joto. Mwalimu alikwenda na shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, fundi wa injini ambaye hakuna siku aliyowahi kukosa la kusema. Mama Pacha naye alikuja, akidai kwamba anapita tu kwenda sokoni, akavuta kiti cha plastiki kivulini na kukaa. Mtu anayepita tu havui viatu, lakini yeye alivua.

Magari yaliyobaki kwenye mashindano yalikuwa mawili. La kwanza la dizeli, la kijivu, sura ya karani wa serikali. Usidanganyike na sura. Mwenyewe wa zamani alikuwa amelipeleka kwa mafundi wakaichezea kompyuta ya injini, wakapanua mabomba, wakaiongezea pumzi ile pampu ya kusukuma hewa wanayoiita tabo, na karani akageuka mnyanyua vyuma. La pili la petroli, la buluu, lilitoka kiwandani likiwa hivyohivyo na hasira zake, eksozi nne nyuma, viti vya ngozi vinavyokubana mbavu usije ukaanguka.

"Shemeji, chukua dizeli," alisema fundi. "Hili ukilijaza tangi unakwenda kwa pacha na kurudi, na mafuta yanabaki ya kwenda kanisani, msikitini, kokote upendako. Na mlimani? Mlimani hili linapanda huku linapiga mluzi."

"Mzee, mzee," akaingilia muuzaji, kijana aliyevaa tai juani. "Dizeli ya kuchezewa ni sawa na mgonjwa aliyepigwa sindano ya nguvu. Leo anaruka, kesho hujui. La petroli limezaliwa na mbio zake."

"Na kiu yake pia limezaliwa nayo," alisema fundi. "Shemeji, hilo litakunywa mpaka pazia za nyumbani."

Wakabishana. Wakafungua boneti, wakafunga, wakafungua tena. Mwalimu akawa katikati, anageuza shingo huku na huku, kila anayesema anaona ana haki. Mwisho akasema ngoja ayaonje mwenyewe.

Hapo sasa ndipo ilipofanyika aibu. Kwanza, alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa upande usio na usukani, akaingia, akafunga mkanda, akangoja. Muuzaji naye akangoja nje. Wakatazamana kupitia kioo kwa muda.

"Mzee, usukani uko huku."

Alipohamia kwenye usukani, mambo hayakuwa afadhali. Alirekebisha kiti, akarekebisha vioo, akatoa ishara ya kuondoka ndani ya yadi isiyokuwa na mtu, akatoka kwa mwendo wa maiti anayesindikizwa. Dizeli lile halikupata hata nafasi ya kujua kwamba lina tabo. La petroli lilinguruma kidogo, likaona hakuna mtu makini, likanyamaza. Wakapitwa na baiskeli iliyobeba kreti za soda, na mwenye baiskeli akawapungia mkono.

Mwalimu alirudi ameloa jasho, akashuka.

"Naona yanafanana," alisema.

Fundi akashika kichwa kwa mikono miwili. Muuzaji akalegeza tai. Mwalimu mwenyewe alitazama kokoto, na kwa mara ya kwanza akaelewa jambo ambalo lilimchoma: alikuwa amefundisha nusu ya mji kuendesha gari, na yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha. Maisha yake yote alikuwa abiria mwenye breki.

Mama Pacha alivaa viatu vyake.

"Lete ufunguo," alimwambia muuzaji. "La buluu kwanza."

Muuzaji akataka dhamana. Akabakizwa fundi.

Mwalimu akakaa mbele, kando ya mkewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mzunguko ule. Alijikaza kisabuni. Alibana midomo, akaweka mikono juu ya magoti na kujiapiza moyoni kwamba hatasema neno. Na kweli mdomo haukusema. Lakini walipofika barabara kuu na mkewe akakanyaga mafuta, na lile gari likaitika kwa sauti ya kusimamisha vinyweleo, mguu wa Mwalimu ulishuka sakafuni kwa kishindo. Kona, kishindo. Lori, kishindo. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kamba mbali kabisa na barabara, kishindo.

Mama Pacha akawasha taa ya pembeni, akaegesha vizuri, akavuta breki ya mkono.

"Baba Pacha."

"Sijasema kitu!"

"Mguu wako umesema. Sasa chagua: unahamia nyuma, au nakuwekea ufunguo mapajani."

Mwalimu Breki akafungua mlango, akahamia nyuma. Hapakuwa na kitu cha kukanyaga huko, ila mgongo wa kiti cha mbele. Akajaribu mara moja, magoti yakaumia, akaacha. Na kwa kuwa mguu ulikosa kazi, macho yakapata nafasi. Aliyaona mabega ya mkewe, yametulia. Alimwona akitazama kioo cha kulia, na cha kushoto pia, bila kuambiwa. Alimwona akimpisha mwendesha pikipiki aliyekuwa kwenye kosa, akipunguza gia kabla ya kona, akiimba kwa sauti ya chini wimbo usio na maneno. Anajua, alijiambia Mwalimu. Huyu mwanamke anajua, na amejua siku zote. Aliona haya, mzee wa watu, haya ya kweli, mpaka masikio yakapata moto. Akashukuru kwamba amekaa nyuma na haonekani.

Waliporudi na kuchukua la kijivu, Mwalimu hakusubiri kuelekezwa. Aliufungua mlango wa nyuma mwenyewe. Dizeli liliondoka kwa mvumo mzito wa chini, kiti kilikuwa kipana, jua liliingia dirishani likamkalia kifuani. Mara ya mwisho kumbukumbu yake ilipofanya kazi, walikuwa wanapita ghala la saruji.

Alipozinduka, gari lilikuwa limesimama pembeni mwa daraja ambalo hata siku moja hakuwahi kulifikia bila basi. Mkewe alikuwa ameegemea mlango, anakula muwa uliokatwa vipande ndani ya mfuko.

"Nimelala?"

"Umekoroma."

Mwalimu alijipapasa usoni asiamini. Ndani ya gari hakuwahi kusinzia hata kidogo. Alilala huko nyuma, mkewe akiendesha gari lililochezewa injini kwa mwendo ambao, kwa umbali ule, asingependa kuupigia hesabu.

"Basi tunachukua hili," alisema kwa furaha. "Kaka yako alikuwa na haki. Gari ninaloweza kulala ndani yake, nitafute nini tena?"

Mama Pacha alitafuna muwa wake, akatema makapi pembeni. Mwalimu alimjua vya kutosha kuuogopa utafunaji huo. Alitaka kuendelea kuisifu dizeli. Badala yake likamtoka swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote aliyekaa nyuma ya usukani tangu azaliwe.

"Wewe unaonaje?"

Mkewe akamtazama, akasahau kutafuna.

"La petroli," alisema. "Hili la kijivu nikilikanyagia linajishauri kwanza, halafu linanirusha lote kwa pamoja. Nikitaka kulipita lori lazima nilipigie hodi mapema. Lile la buluu, ninachoomba ndicho ninachopewa, na ninapewa papo hapo. Mafuta litakunywa, sikatai. Lakini kama ni mimi ninayeendesha, nataka lile."

Mwalimu alifungua kinywa kumsahihisha. Alitafuta pa kuanzia, akatafuta tena, akaona mwanafunzi huyu hana pa kusahihishwa.

"Ni wewe unayeendesha," alisema.

Mama Pacha aliufungua mfuko. Alimpa mumewe kipande cha muwa, kisha akageuka upande wa mto na kuutazama muda mrefu kuliko ulivyostahili mto ule mdogo. Alipogeuka, macho yalikuwa na maji, na akasema ni upepo.

Huko yadini fundi alilipokea neno hilo la petroli shingo upande, akala kiapo kwamba mtu asimwite gari likiwa na kiu. Makaratasi yakatiwa sahihi chini ya feni. Jioni ilikuwa haijaingia, na Mama Pacha akasema hakuna sababu ya kungoja kesho. Pacha wapigiwe simu waongeze maji kwenye sufuria.

Mwalimu Breki akalizunguka gari lake jipya la buluu. Akaupita mlango wa dereva, akaupita na ule wa mbele aliouzoea, akafungua wa nyuma, akaingiza kichwa.

"Wewe, unakwenda wapi?" mkewe akamwita kutoka kwenye usukani. "Huko nyuma utalala, na njia yote hiyo niongee na nani? Njoo mbele."

"Na huu mguu?"

"Njoo nao tutajua."

Mwalimu akaja mbele. Akafunga mkanda, akafikiri kidogo, akavua viatu, kisha akaikunja miguu yote miwili juu ya kile kiti cha ngozi, mzee mzima na suruali yake ya kustaafia, akakaa kama aliye mkekani kwake. Mama Pacha akamtazama, akacheka mpaka akashindwa kuwasha gari mara ya kwanza, na Mwalimu hakumwambia kitu.