Soksi Tatu Mezani kwa Aimé

Mezani kwa Aimé Vidalenc ni marufuku kusema divai ina harufu ya maua. Wala ya ngozi, wala ya tumbaku, wala ya msitu baada ya mvua. Firmin, aliyekuwa mwoka mikate wetu hapa kijijini Montbrac mpaka magoti yalipomgomea, alijaribu siku moja kusema ananusa waridi, Aimé akamwambia, "Basi kanywe bustanini." Tangu hapo tunaongea lugha ya watu: kali, nyepesi, inakwaruza, inafaa kupikia, ya kuwapa wakwe.

Tunakutana Jumapili asubuhi, siku hizi tumebaki watatu. Kila mtu huja na chupa moja, bei isizidi yuro sita, imevishwa soksi ili isijulikane ni ya wapi. Huko mjini wana vifuko vyao maalumu vya kazi hiyo. Sisi tuna soksi za Firmin, na mshukuru Mungu hamkuwepo kabla sijamlazimisha kuzifua. Kanuni yetu ni kwamba soksi haivuliwi mpaka kila mtu aseme lake, na ukishasema umesema, hakuna kurudi nyuma.

Aimé amepita sabini. Amehangaika na mizabibu tangu alipoacha shule, na kila zabibu aliyovuna ameipeleka kwenye ushirika wa kijiji, unaochanganya zabibu za wote na kutengeneza divai moja, ule uliojengwa na baba yake na wenzake kwa mawe waliyobeba kwa mikono yao. Kanisani humwoni ila kwenye mazishi, lakini mkutano mkuu wa ushirika hajakosa hata mmoja. Chupa yake ya Jumapili ni ya ushirika, kila Jumapili, aivishe soksi ya rangi yoyote anayotaka. Akiionja huitikia kwa kichwa na kusema, "Hii ndiyo divai." Sisi tunacheka, yeye hacheki.

Ana mtoto mmoja tu, Coralie. Na hapa ndipo hasira zangu zinapoanza, kwa hiyo mnivumilie.

Coralie aliacha kazi ya benki kule Toulouse akarudi kijijini, akamwomba baba yake kipande kimoja cha shamba, kile cha juu kwenye mawe tunachokiita Shamba la Bibi, kwa sababu bibi yake Aimé ndiye aliyekipanda. Mizabibu yake ni mikongwe, imejikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi yabisi, na inazaa kidogo. Aimé alimpa, nadhani akitegemea kwamba atachoka. Wapi! Alivuna, akazikamua zabibu zake gerejini kwake, akatengeneza divai yake mwenyewe nje ya ushirika. Basi kwenye mkutano mkuu akasimama mtu, akauliza mbele ya watu wote kama zabibu za kina Vidalenc siku hizi ni za kifalme hata haziwezi kuchanganywa na za wenzao. Watu wakacheka. Aimé alirudi nyumbani amevimba. Akamnyang'anya mtoto lile shamba, akamwambia divai yake hataitia kinywani mpaka anaingia kaburini. Coralie naye ni Vidalenc, hakubembeleza. Mwaka na zaidi sasa wanapishana dukani kama watu wasiojuana.

Halafu ikaja habari ya ruzuku. Divai haiuziki, maghala yamejaa, serikali inamlipa anayekubali kung'oa mizabibu. Aimé akasaini Shamba la Bibi ling'olewe. Paa la nyumba yake linavuja, na shamba lile, alisema, halirudishi hata mafuta ya trekta. Tingatinga lingekuja Jumatatu.

Coralie alipopata habari alikuja saluni kwangu. Mimi ni msusi, nimemkata nywele tangu hana meno ya mbele. Alikaa kwenye kiti, akasema nikate tu fupi, halafu akalia mpaka nikaweka mkasi chini.

"Ningelinunua, shangazi Huguette," akasema. "Ningemlipa kidogo kidogo. Hata kuniuliza hakuniuliza."

"Wewe umemwambia?"

"Nitamwambiaje mtu asiyeitikia salamu yangu?"

Nikamwomba aniuzie chupa moja ya ile divai yake. Hakutaka hela, nikamwachia yuro sita kwenye mkoba wake kwa nguvu, maana kanuni ni kanuni. Sikumwambia naipeleka wapi.

Jumapili hiyo tulikaa jikoni kwa Aimé kama kawaida. Firmin alileta mkate, mimi zeituni na jibini ya mbuzi, Aimé alikuwa anakata soseji kavu vipande vyembamba mpaka unaona kisu upande wa pili. Soksi tatu zilisimama mezani: ya kahawia, ya kijani, na ya mistari. Hakuna aliyetaja Jumatatu.

Tukaanza na ya kahawia. Nilipoimeza machozi yakanitoka.

"Inakwaruza," nikasema.

"Imekamuliwa pamoja na vijiti vyake," akasema Aimé. "Ya Uhispania hii. Ya kwenye sanduku la chini kabisa dukani."

Firmin akajitetea. "Bei yake ilikuwa nzuri."

"Nakuamini, ndugu yangu."

Ya kijani tukaionja, Aimé akaitikia kwa kichwa. "Hii ndiyo divai."

"Sijui hii itakuwa ya nani jamani," Firmin akasema. "Imenichanganya kabisa."

Kisha nikamimina ya mistari. Firmin akainywa yote kwa mkupuo mmoja, kama kawaida yake, akasema inafaa kuwapa wakwe, tena wale unaowapenda. Aimé alionja kidogo. Akakaa nayo mdomoni. Akaweka glasi, akaitazama, akaionja tena. Mimi nilikuwa nahesabu zeituni ili nisimwangalie.

"Hii si ya huku," akasema.

"Ya wapi basi, mzee?" nikamuuliza.

"Sijui. Milimani. Ni ya watu wenye mizabibu ya kizee na mawe mengi." Akajiongezea glasi. Aimé huwa hajiongezei. "Kuna ukali kidogo. Huyu alivuna mapema, alikuwa na haraka. Lakini anajua kazi. Hapa kwetu hakuna anayeweza kutengeneza kitu kama hiki. Ushirika hauwezi."

"Umesema?" nikamuuliza.

"Nimesema."

"Ukishasema umesema."

"Huguette, una nini leo? Vua hiyo soksi."

Nikaivua. Lebo ilikuwa karatasi nyeupe, maandishi ya mkono: Shamba la Bibi, na chini yake, Coralie Vidalenc.

Aimé alitafuta miwani, akaivaa, akasoma. Akaigeuza chupa kana kwamba upande wa nyuma utamwambia kitu kingine.

"Umenichezea shere," Aimé akaniambia.

"Ndiyo. Na nikipata nafasi nitakuchezea tena."

Nilijiandaa kutukanwa. Nilikuwa na majibu yangu tayari, yenye miiba, niliyoyapanga wiki nzima. Hakunitukana. Alishika glasi kwa mikono miwili.

"Maisha yangu yote nimeipogoa ile mizabibu," akasema. "Mimi na mke wangu, kwa baridi ile ya juu. Tunavuna, tunamwaga kwenye tela, tela linamwagwa kwenye shimo la ushirika pamoja na za watu wote. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mimi sikujua."

"Hukujua nini?" akauliza Firmin, polepole.

"Kwamba ladha yake ndiyo hii."

Nilimwonea huruma ikaniuma, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi kwa kumliza yule mtoto kwenye kiti changu. Nilikuwa na vyote viwili kwa pamoja.

"Tingatinga linakuja kesho, Aimé," nikasema.

"Najua linakuja kesho."

Akainuka, akaenda ukumbini kwenye simu yake ya ukutani. Aliacha mlango wazi. Alibonyeza namba bila kuitafuta popote, na simu ililia muda mrefu huko iliko kabla hajafungua mdomo.

"Ni mimi. Baba." Akahamishia simu sikio la pili. "Hapana, sijaanguka. Mzima. Sikiliza. Ile divai yako, ulivuna mapema."

Nikafumba macho. Firmin akashika kichwa. Nikasema moyoni, mzee huyu hana dawa, mwache afe na ushirika wake.

"Wiki nzima mapema," Aimé akaendelea. "Uliogopa mvua, najua, kila mtu huogopa mvua. Lakini zabibu za pale juu hazikimbizwi." Aliegemea ukuta, sauti ikashuka. "Mwaka huu ukizivuna, usubiri."

Alisikiliza, uso ameuelekeza ukutani.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Nimesema mwaka huu."