Baba Mkwe, Sanduku la Shela na Njia ya Mwakaleli

Siku ninayoikumbuka mpaka leo nikicheka peke yangu jikoni, mwanangu, ni ile niliyotembea kwa miguu kutoka Masoko nilikoolewa hadi kwetu Mwakaleli nikimkwepa baba mkwe njia nzima.

Mimi, kama unavyoniona, ni mtu wa nyumbani. Hata nikienda kukata ndizi nawaaga majirani. Lakini mdogo wangu Atupele alikuwa anaolewa kesho yake, na shela lake nilikuwa nalo mimi. Ndiyo miaka ile biashara ilipofunguliwa, mitumba ikajaa soko la Tukuyu, nami nikamchagulia shela la Ulaya, refu kama barabara yenyewe. Wenye magari wakayatazama matope ya masika, wakasema hawaendi. Mume wangu alikuwa zamu mgodini Kiwira. Basi baba mkwe akaweka sanduku la shela begani, akasema atanifikisha yeye.

Sasa, kwa mila yetu mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala haongei naye. "Yeye mbele, wewe nyuma kabisa," mama mkwe aliniagiza. "Akisimama, potea."

Nikapotea sana siku hiyo. Mzee akifunga kamba za viatu, mimi nimo kwenye migomba. Akikohoa, nimo mtaroni, na Tusekile, kifungua mimba wangu, anacheka mgongoni akidhani ni mchezo. Kidato cha nne nilimaliza, lakini kuruka mitaro na mtoto hawakutufundisha.

Tulipofika kwenye mashamba ya chai, ukungu ukashuka. Penye njia panda nikauona mgongo wa mzee ukishika kushoto, njia inayoteremka mtoni. Ukiifuata hiyo, Mwakaleli huioni siku hiyo, na Atupele angekwenda kanisani na kitenge. Kumwita siwezi, kumkimbilia siwezi. Nikamtikisa Tusekile alie, ili babu yake ageuke. Mtoto aliyetukesheza tangu azaliwe, siku hiyo akalala kama kalipwa.

Basi nikamwimbia kwa sauti yote niliyopewa:

"Lala Tusekile, babu kakosea njia,
kwa bibi Mwakaleli tunapita kulia."

Nyayo zikanyamaza. Nikamsikia mzee ndani ya ukungu akiliambia sanduku, "Sanduku, huyo mtoto anabembelezwa vizuri. Wewe nani kakwambia tupite huku? Haya, turudi." Nami nikajitupa kwenye chai iliyolowa mpaka apite.

Toka hapo tukaongea mpaka tunafika, yeye na sanduku, mimi na mtoto.

"Tusekile, mwambie babu viazi hivi hapa juu ya jiwe, mimi nimegeuka."

"Sanduku, viazi vitamu. Ila mpishi wake anajificha kama ng'ombe nyuma ya mchicha."

Nikacheka kichakani, naye akacheka njiani.

Tulifika jua halijazama. Atupele alilikumbatia sanduku kabla ya kunikumbatia mimi, na kesho yake akaingia kanisani anang'aa. Kwenye karamu baba mkwe akamshika Tusekile, akanipa mgongo kama inavyopasa, akasema watu wote wasikie, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako ndaga fijo, asante sana. Angeninyamazia kwa heshima, sasa hivi ningekuwa mtoni na shela la watu."

Nawe unakwenda kuolewa, mwanangu. Waheshimu wakubwa wa nyumba ile na ushike mila zao. Lakini ukimwona mkubwa wako anapotea, usijifiche nyuma ya heshima ukamwacha aende. Mwambie, na utafute namna itakayomrudisha bila aibu, hata kwa kuimba. Sauti yangu unaijua, na ilitosha. Ukiambiwa wewe ndiye umekosea njia, geuka kama mzee yule, bila kununa.

Mungu akupe nyumba yenye watu wa kucheka nao, na watoto wanaolia pale tu unapowahitaji walie. Nenda salama. Nitakuja kukusalimia, gari likipatikana.